Habari za Watu wa Greenwood, na Jinsi Posho ya Maskini Ilivyolindwa Huko Marekani



Taarifa ya mwaka ya chama kama chetu hujaa hesabu: fedha zilizoingia na zilizotoka, wajane waliosaidiwa, magunia yaliyogawanywa. Hesabu hizo ni za lazima, wala hatuzidharau. Lakini safari hii tumeona vema kuongeza kurasa chache za historia, kwa kuwa liko swali ambalo chama chochote cha ustawi hakina budi kulijibu, nalo ni hili: je, chakula anachopewa maskini ni hisani ya mwenye nacho, au ni haki ya mwenye njaa? Na kama ni haki, nani atakayeilinda siku wenye mamlaka watakapoamua kuikata?

Swali hilo wako watu waliokwisha kulijibu kwa taabu kubwa. Tumechagua habari za watu weusi wa jimbo la Mississippi, Marekani, kwa sababu maisha yao hayakuwa mbali na yale waliyoyajua wazee wetu waliokaa kama maskwota katika mashamba ya walowezi. Wao nao waliishi katika ardhi ya mtu mwingine, katika nyumba ya mtu mwingine, na neno moja la mwenye shamba lilitosha kuwatoa nje pamoja na vyombo vyao.

CHANZO CHA MSAADA WENYEWE

Katika miaka ya 1930 biashara ya Marekani iliporomoka vibaya. Mashambani mazao yalikuwa tele yasiyo na bei, na mijini mamilioni ya watu wasio na kazi walikuwa na njaa. Mwaka 1933 serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilianza kununua mazao ya ziada na kuwagawia maskini. Kisha tarehe 16 Mei 1939, katika mji wa Rochester, jimbo la New York, ukaanzishwa mpango wa stempu za chakula. Mtu alinunua stempu za rangi ya machungwa za dola 1, akaongezewa bure stempu za buluu za senti 50. Zile za kwanza zilinunua chakula chochote dukani. Zile za buluu zilinunua tu vyakula vilivyotangazwa na serikali kuwa ni ziada. Mpango huo ulifungwa mwaka 1943, vita vilipokuwa vimeleta kazi na kuimaliza ziada, lakini ugawaji wa chakula chenyewe ukaendelea katika sehemu nyingi.

Mambo mawili yafaa yaangaliwe hapa. La kwanza, msaada huo ulikuwa na mabwana wawili tangu kuzaliwa kwake. Ulimlisha mwenye njaa, na papo hapo ukamsaidia mkulima mwenye mazao yasiyonunuliwa. Na mara nyingi mkulima ndiye aliyesikilizwa kwanza. Ziada hiyo hiyo ilivuka hata bahari. Wazee wanaoyakumbuka mahindi ya manjano ya mwaka wa ukame wa 1984 wanajua kwamba baadhi yake yalitoka katika mashamba ya Marekani.

La pili, serikali kuu ilitoa chakula, lakini halmashauri ya kila kaunti ndiyo iliyoamua kama chakula hicho kitapokewa na kugawanywa. Kwa hiyo ufunguo wa ghala ya maskini uliwekwa mikononi mwa watu wa pale pale, yaani wenye mashamba na rafiki zao. Katika Mississippi maskini mweusi hakuwa na njia ya kuwaondoa watu hao katika viti vyao, kwa sababu hakuwa na kura.

MAJIRA YA BARIDI YA GREENWOOD

Greenwood ni mji mkuu wa Kaunti ya Leflore, katika nchi tambarare ya pamba iitwayo Delta. Mwaka 1960 kaunti hiyo ilikuwa na watu wapatao 47,000, na wengi wao walikuwa weusi. Kazi yao ilikuwa pamba: kuipalilia wakati wa joto na kuichuma kabla ya baridi. Mchumaji alipokwisha kazi yake hakuwa na mshahara tena mpaka msimu mwingine. Miezi hiyo mitupu aliivuka kwa posho ya serikali, yaani unga wa ngano, unga wa mahindi, mchele na maziwa ya unga.

Katika kiangazi cha mwaka 1962 alifika Greenwood kijana mmoja mweusi, Sam Block, mzaliwa wa Delta hiyo hiyo. Alitumwa na Kamati ya Uratibu ya Wanafunzi Wasiotumia Nguvu, ambayo watu waliijua kwa kifupi chake, SNCC. Baadaye akaungana naye Willie Peacock. Kazi yao ilikuwa kuwashawishi watu wakajiandikishe katika daftari la wapiga kura. Wakati huo, kati ya watu weusi waliotimiza umri wa kupiga kura katika kaunti ile, walioandikishwa walikuwa kiasi cha wawili tu katika kila mia. Sheria za jimbo zilimtaka mwombaji afafanue kifungu cha katiba, na karani ndiye aliyeamua kama ufafanuzi umemridhisha. Tena sheria ya mwaka 1962 iliamuru majina ya waombaji yachapishwe gazetini kwa muda wa wiki mbili. Mwenye shamba aliyasoma, na mfanyakazi aliyejiandikisha akajikuta hana kazi wala nyumba.

Pamoja na hayo, wachache walikwenda. Ndipo mnamo Oktoba 1962 halmashauri ya Kaunti ya Leflore ilipokata shauri kuusimamisha ugawaji wa chakula cha serikali. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Lakini kila mtu aliyeiona saa yenyewe, pamba imekwisha na baridi iko mlangoni, alielewa maana yake. Watu wapatao 22,000, karibu nusu ya wakazi wote wa kaunti, waliondolewa posho kwa uamuzi huo mmoja, na wengi mno kati yao walikuwa weusi.

Twaomba msomaji atafakari hesabu hiyo. Waliokwenda kujiandikisha walikuwa wachache, na waliokatiwa chakula walikuwa maelfu. Adhabu ilipigwa kwa wote ili jirani amkasirikie jirani, na mama aseme, "Hawa vijana ndio waliotuletea njaa." Hiyo ni hila ya kale ya watawala, na mara nyingi hufaulu. Greenwood haikufaulu.

Vijana wa SNCC waliandika barua kwa rafiki zao wa kaskazini, na vyakula vikaanza kukusanywa katika makanisa, vyuo na nyumba za watu. Mwishoni mwa Desemba 1962 wanafunzi wawili, Ivanhoe Donaldson na Ben Taylor, waliendesha lori kutoka Michigan likiwa na chakula, nguo na dawa. Walipofika Clarksdale walikamatwa na polisi, wakashtakiwa kwamba wamebeba dawa za kulevya, ijapokuwa walichobeba kilikuwa aspirini, vitamini na bandeji. Walikaa jela siku 11. Mnamo Februari 1963 mchekeshaji mashuhuri Dick Gregory alikodi ndege kutoka Chicago akaleta ratili 14,000 za chakula.

Chakula hicho kiligawanywa makanisani, na mamia ya watu walipanga foleni katika baridi. Hapo likatokea jambo ambalo halmashauri haikulitazamia. Watu waliokuja kutafuta unga wakakutana na watu waliokuja kuzungumza habari za kura, na hao wawili wakagundua kwamba shauri lao ni moja. Mtu ambaye jana aliona kura ni jambo la wasomi, leo aliona kwa macho yake kwamba waliomnyima unga ni watu waliokaa katika viti kwa kura, na kwamba yeye hakuulizwa. Somo hilo halikuhitaji mwalimu. Foleni za chakula zikazaa foleni za kwenda kwenye jumba la mahakama kujiandikisha.

Majibu ya wenye nguvu yalikuwa makali. Tarehe 20 Februari 1963 majengo manne karibu na ofisi ya vijana yaliteketezwa kwa moto. Tarehe 28 ya mwezi huo huo gari walilopanda Bob Moses, Randolph Blackwell na Jimmy Travis lilimiminiwa risasi barabarani nje ya mji; Travis alipigwa shingoni, akapona kwa shida. Mwezi Machi polisi waliwaachia mbwa watu waliokuwa wakiandamana kwa amani. Lakini kelele zilikuwa zimekwisha kufika Washington. Serikali kuu iliiarifu kaunti kwamba, kama haitagawa chakula, Wizara ya Kilimo itakuja kukigawa yenyewe. Kusikia hivyo, halmashauri ikakubali kuurudisha mpango. Kwa upande wa kura, mamia walijaribu na wachache mno walikubaliwa. Iliwabidi wangoje Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya tarehe 6 Agosti 1965. Lakini posho ilirudi, na ilirudi kwa sababu waliokatiwa hawakunyamaza.

Hatuwezi kupita hapa bila kutaja uhusiano wa watu hawa na nchi zetu. Desemba 1963, siku chache baada ya Kenya kupata uhuru, Bwana Oginga Odinga, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alizuru mji wa Atlanta, na vijana wa SNCC wakamwendea hotelini kumwamkia na kumwimbia. Walipotoka waliingia katika mkahawa wa jirani uliokataa kuwauzia weusi, wakakaa humo mpaka wakakamatwa. Naye Bob Moses, yule aliyenusurika risasi za Greenwood, alihamia Tanzania mwaka 1969 akafundisha hisabati huko mpaka mwaka 1976.

STEMPU ZILIZOUZWA KWA WASIO NA SENTI

Tungependa kusema kwamba baada ya Greenwood mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Tarehe 31 Agosti 1964 Marekani ilipata sheria ya stempu za chakula, baada ya Bibi Leonor Sullivan, mbunge wa Missouri, kuipigania kwa miaka mingi. Nia yake ilikuwa njema: maskini aingie dukani kama watu wengine, achague mwenyewe, badala ya kupewa gunia la unga asioutaka. Lakini sheria ilimtaka anunue stempu hizo kwanza. Alilipa kiasi kilichodhaniwa kuwa ndicho alichozoea kutumia kwa chakula, naye akapewa stempu za thamani kubwa zaidi.

Kwa mwenye mshahara mdogo mpango huo ulikuwa msaada mzuri. Kwa asiye na mshahara kabisa ulikuwa mlango uliofungwa. Katika Delta kiwango cha chini kilikuwa dola 2 kwa kila mtu kwa mwezi. Familia ya watu 6 ilidaiwa dola 12, tena kwa mara moja. Na kaunti iliyoingia katika mpango wa stempu iliacha kugawa chakula cha bure. Hivyo maelfu waliokuwa wakipokea unga bila malipo wakajikuta hawapokei unga wala stempu.

Wakati huo huo kazi yenyewe ilikuwa ikitoweka. Kupalilia pamba kulilipwa dola 3 kwa siku nzima, na mwaka 1965 wafanyakazi wa Delta waliunda chama chao na kugoma kudai zaidi. Wenye mashamba walizidi kununua mashine za kuchuma na dawa za kuua magugu. Mwaka 1967 kima cha chini cha mshahara kilipofikishwa kwa mara ya kwanza kwa wafanyakazi wa mashambani, dola 1 kwa saa, wengi wa mabwana waliona afadhali kuwafukuza watu kuliko kuwalipa. Sheria iliyotungwa kwa faida ya mfanyakazi ikawa sababu ya kumwondoa shambani. Mwisho wa Januari 1966 watu kadhaa maskini waliingia katika kambi tupu ya jeshi la anga huko Greenville wakadai chakula, kazi na ardhi. Siku ya pili wakatolewa kwa nguvu.

Kwa hiyo twajifunza kwamba chakula cha maskini hupotea kwa njia mbili. Hupotea kwa uadui wa dhahiri, kama ule wa halmashauri ya Leflore. Na hupotea kwa sheria iliyoandikwa vizuri mezani na mtu asiyejua kwamba kuna jirani asiye na hata senti moja mfukoni. Wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Dawa ya njia hiyo ya pili ni kumpeleka mwenye njaa mwenyewe mbele ya mwenye shibe, aseme kwa kinywa chake.

MACHO YA TAIFA YAFUMBULIWA

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1967 mwanasheria kijana, Marian Wright, mwanamke wa kwanza mweusi kukubaliwa kuwa wakili katika Mississippi, alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti. Alieleza habari za njaa, akawasihi maseneta waje waone wenyewe. Tarehe 10 Aprili 1967 kamati ilikaa katika mji wa Jackson, na siku ya pili maseneta Joseph Clark na Robert Kennedy wakaingia katika vibanda vya Delta. Walikuta watoto wenye matumbo yaliyovimba na vidonda visivyopona, na jikoni hamna kitu. Mwezi uliofuata madaktari waliotumwa na shirika la Field Foundation wakawapima watoto, wakathibitisha kwa maneno ya kitabibu yale ambayo akina mama walikuwa wamekwisha kuyasema.

Wizara ya Kilimo ikapunguza kiwango cha chini kutoka dola 2 hadi senti 50 kwa mtu mmoja. Lakini waliodai walisema, kwa haki, kwamba asiye na kitu hana hata hizo senti 50. Mwaka 1968 ulikuwa mwaka wa kelele kubwa. Mwezi Aprili aliuawa Martin Luther King, akiwa katika matayarisho ya Kampeni ya Watu Maskini. Wenzake, wakiongozwa na Mchungaji Ralph Abernathy, waliendelea nayo, na maskini wa rangi zote wakapiga kambi katikati ya Washington kuanzia Mei mpaka Juni. Walirudi wizarani mara kwa mara kudai chakula. Mwezi Mei sinema ya televisheni juu ya njaa iliingia katika nyumba za Wamarekani waliokuwa hawaamini kwamba nchi tajiri kama yao ina watoto wenye utapiamlo. Seneti ikaunda kamati maalumu ya lishe, mwenyekiti wake akiwa George McGovern.

Wengine hawakungoja serikali. Januari 1969, katika kanisa moja la Oakland, jimbo la California, chama cha Black Panther kilianza kuwapa watoto chai ya asubuhi bure kabla ya shule, na desturi hiyo ikaenea katika miji mingi. Katika Mississippi, Bibi Fannie Lou Hamer, aliyefukuzwa shambani mwaka 1962 kwa kosa la kutaka kujiandikisha kupiga kura, alianzisha mwaka 1969 ushirika wa shamba kwa ekari 40. Alianzisha pia benki ya nguruwe: familia ilipewa nguruwe jike, naye akizaa, baadhi ya watoto walirudishwa ili wapewe wengine. Alijua kwamba mwenye shamba lake na mifugo yake hawezi kutishwa kwa kunyimwa posho. Ushirika huo uliendeshwa kwa shida ya fedha na ulikwisha katikati ya miaka ya 1970, naye Bibi Hamer akafariki Machi 1977. Lakini wazo lake halikuwa dogo, na vyama vyetu vya kina mama vinalielewa sana.

TOKA HISANI HADI HAKI

Kelele za mwaka 1968 zikaanza kuzaa matunda. Mwezi Mei 1969 Rais Richard Nixon, ambaye hakuwa rafiki wa waandamanaji, alilitangazia Bunge kwamba wakati umefika wa kuikomesha njaa Marekani. Mwezi Januari 1971 ikatiwa sahihi sheria iliyowapa stempu bila malipo wale waliokuwa maskini kabisa. Waliosaidiwa, ambao Aprili 1965 walikuwa nusu milioni, walifika milioni 10 mwaka 1971 na milioni 15 mwezi Oktoba 1974. Tangu Julai 1974 kila sehemu ya nchi ililazimishwa kuwa na mpango huo. Ule uwezo wa halmashauri ya kaunti kufunga ghala ukaondolewa.

Mahakama nazo zilitumika. Mwaka 1970 mawakili walianzisha kituo cha utafiti na utetezi wa chakula ambacho kazi yake ilikuwa kuwashtaki maofisa wasiotekeleza sheria. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikifuta kifungu kilichowanyima stempu watu waliokaa nyumba moja bila kuwa na undugu, ikasema kwamba Bunge halina ruhusa ya kulinyima kundi fulani kwa sababu tu halipendwi. Kwa neno hilo mahakama ilikiri kwamba posho si zawadi ya mtu kwa rafiki zake.

Hatua iliyowafaa maskini kuliko zote ilikuja mwaka 1977. Maseneta wawili wa vyama vilivyopingana, McGovern na Robert Dole, waliungana, na Rais Jimmy Carter akatia sahihi sheria iliyofuta kabisa sharti la kununua stempu. Sheria hiyo ilipoanza kutumika Januari 1979, watu milioni 1 na nusu waliongezeka katika mwezi mmoja. Hao ndio waliokuwa wakisimama nje ya mlango kwa kukosa senti. Madaktari walioizuru Mississippi mwaka 1967 walirudi baada ya miaka kumi, wakatoa taarifa kwamba umaskini ungali upo, lakini wale watoto waliodhoofika kwa njaa hawaonekani tena kwa wingi kama zamani.

Wala hatusemi kwamba kazi ilikwisha. Mwaka 1981 na mwaka 1996 msaada ulipunguzwa kwa sheria. Mwaka 2008 mpango ulibadilishwa jina, ukaitwa SNAP. Julai 2025 ikapitishwa sheria nyingine ya kupunguza matumizi yake. Mwezi Novemba mwaka huo huo, serikali ya Marekani ilipofungwa kwa kukosa makubaliano ya bajeti, malipo ya watu wapatao milioni 42 yakacheleweshwa. Miji, majimbo, makanisa na vyama wakaenda mahakamani, na wengine wakafungua ghala zao za hisani kama walivyofanya watu wa mwaka 1963. Wanaotaka kupunguza husema kwamba fedha ni za wenye kulipa kodi na kwamba mtu mzima hana budi kufanya kazi. Hoja hiyo haifai kudharauliwa, maana hata sisi twapenda kazi kuliko kupewa. Lakini Greenwood ilionyesha kwamba wenye njaa walikuwa wafanyakazi; walichokosa kilikuwa mshahara wa miezi ya baridi, na baadaye kazi yenyewe.

YANAYOTUHUSU SISI

Ndugu wanachama, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kwamba kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Hivyo jibu la swali tuliloanza nalo limekwisha kuandikwa katika sheria kuu ya nchi yetu. Lakini habari tulizozisimulia zinatuonya kwamba haki iliyo katika karatasi haiji mezani kwa miguu yake. Sheria ya mwaka 1964 nayo ilikuwa katika karatasi, na watoto wa Delta walilala njaa.

Tunaona mambo manne yanayotufaa. Kwanza, tuandike. Vijana wa Greenwood hawakusema tu kwamba watu wana njaa. Walijua ni wangapi, wamekatiwa lini, na nani aliyekata. Daftari la chama chetu liwe na jina, mahali na tarehe, ili tukienda mbele ya ofisa asipate njia ya kusema hajui. Pili, mwenye shida aseme mwenyewe. Sisi wazee na wasomi tumsindikize, tusimnyang'anye neno lake. Tatu, tusikubali kugawanywa. Siku msaada utakapokatwa kwa wote kwa sababu ya wachache waliodai haki, tukumbuke kwamba lawama ni ya aliyekata. Nne, tulime na tuweke akiba yetu, kama alivyojaribu Bibi Hamer. Haba na haba hujaza kibaba, na mwenye kibaba chake huzungumza na mkubwa akiwa wima.

Tena tusiidharau ile mikusanyiko midogo ya kanisani na msikitini ambako unga hupimwa na majina huitwa. Watu 22,000 walikatiwa posho kwa sauti chache tu katika chumba cha halmashauri. Waliirudisha kwa kusimama foleni pamoja, kwa kuandika barua, kwa kukataa kuogopa, na kwa rafiki walioitikia wito. Nguvu hizo hata chama kidogo kinaweza kuwa nazo, na chetu kinazo. Tunaomba zitumike katika mwaka unaokuja, kwa ajili ya wale ambao majina yao yamo katika kurasa za mbele za taarifa hii, na wale ambao bado hatujawaandika.